Mfalme Ezana wa Aksum na Jiwe la Maandishi Matatu

Sisi watu wa Uasin Gishu Mhabeshi tunamjua kwa jambo moja tu: mbio. Mwaka wa 2000 kule Sydney, Haile Gebrselassie alimpiku Paul Tergat wetu katika mita 10,000 kwa sekunde 0.09, na mpaka leo ukitaja mbio hizo mbele ya wazee utaona mtu anatikisa kichwa kana kwamba zilikimbiwa jana. Lakini je, umewahi kuzitazama herufi za Wahabeshi? Hazifanani na hizi tunazoandikia sisi, wala hazifanani na za Kiarabu. Zinafanana na watu wadogo: huyu kainua mkono, yule kapiga goti, mwingine kashika kiuno. Ni herufi zao wenyewe na wamezitumia kwa zaidi ya miaka 1,600. Mfalme ambaye katika enzi yake herufi hizo zilikomaa aliitwa Ezana, mfalme wa Aksum. Maisha yake ndiyo ninayotaka kukusimulia, na mwishoni nitakuambia kwa nini nimemchagua yeye.

Aksum ni mji ulio kaskazini mwa Ethiopia, juu katika milima ya Tigray. Zamani ulikuwa makao makuu ya dola kubwa. Bandari yake iliitwa Adulis, kando ya Bahari ya Shamu, katika nchi ya Eritrea ya leo. Kutoka bandarini kupanda mpaka mjini kulikuwa na mwendo wa siku nane. Pembe za ndovu zilishuka kwa njia hiyo, na nguo, divai na vyombo vya shaba vikapanda. Katika karne ya 3 baada ya Kristo (B.K.), Mani, mwalimu wa dini kutoka upande wa Uajemi, alihesabu falme nne kubwa za dunia, na Aksum ilikuwa mojawapo pamoja na Rumi na Uajemi. Yaani Mwafrika alikuwa ameketi meza moja na wakubwa wa dunia!

Kabla Ezana hajazaliwa, lugha ya Kigiriki ilikuwa imekwisha kufika Adulis. Ilifikaje huko mbali? Hapo lazima turudi nyuma zaidi ya miaka 600, kwa kijana wa Makedonia aliyeitwa Alexander. Huyu alifundishwa na Aristotle akiwa mvulana, akarithi kiti cha baba yake akiwa na miaka 20, na mwaka wa 334 kabla ya Kristo (K.K.) akavuka na jeshi kuingia Asia. Mwaka wa 332 K.K. aliitwaa Misri, na muda mfupi baadaye akaanzisha mji wa Alexandria kwenye pwani yake. Akaiangusha dola ya Uajemi, akafika mpaka India. Mwaka wa 323 K.K. akafa Babeli kabla hajatimiza miaka 33. Majemadari wake waliigawana nchi kama wana waliogombania shamba la marehemu. Misri ikamwangukia mmoja aliyeitwa Ptolemy, na uzao wake ukatawala huko mpaka mwaka wa 30 K.K., alipokufa Malkia Cleopatra.

Himaya ya Alexander ilivunjika upesi, lakini lugha ya Kigiriki ilibaki. Kuanzia Misri mpaka karibu na India, mfanyabiashara, mwandishi na mwanachuoni walielewana kwa Kigiriki. Pale Alexandria kulikuwa na maktaba maarufu kuliko zote za zamani. Euclid, mwenye ile jiometri inayotuumiza vichwa, alifundisha huko kama mwaka wa 300 K.K. Naye Eratosthenes, mkuu wa maktaba hiyo, alikadiria mzingo wa dunia kwa kutumia kivuli cha jua na hesabu tu.

Wafalme wa ukoo wa Ptolemy walihitaji ndovu wa vita. Kwa hiyo walituma wawindaji kusini, kando ya Bahari ya Shamu. Ptolemy wa tatu aliacha sifa za vita vyake zimechongwa kwa Kigiriki juu ya jiwe, na jiwe hilo lilikuwa likisimama Adulis hata katika karne ya 6 B.K., msafiri aitwaye Cosmas alipolinakili. Baada ya wawindaji wakaja wachuuzi. Katika karne ya 1 B.K. mfanyabiashara mmoja wa Misri aliandika kwa Kigiriki kitabu cha kuwaongoza mabaharia. Humo amemtaja mfalme wa pande za Adulis, Zoskales, kuwa ni mtu mkali wa mali lakini anayejua vizuri kusoma na kuandika Kigiriki. Kitabu hichohicho kinateremka mpaka pwani yetu ya Afrika Mashariki, kwenye soko lililoitwa Rhapta, ambako watu walikuwa na mashua zilizoshonwa kwa kamba. Si unaona? Ni kama ile mitepe ya Lamu.

Hebu tutulie hapa kidogo. Alexander hakufika Aksum, na akina Ptolemy hawakuitawala. Upanga uliishia njiani, lakini lugha na elimu vilipanda milima bila askari, vikiwa mgongoni mwa punda wa wachuuzi. Wenyeji wakachukua walichokitaka. Mwishoni mwa karne ya 3 mfalme wao Endubis alianza kupiga sarafu za Aksum, nazo ziliandikwa kwa Kigiriki ili mgeni yeyote bandarini aweze kuzisoma.

Katika nyumba hiyo ya kifalme ndimo alimozaliwa Ezana. Baba yake aliitwa Ella Amida. Mzee huyo alifariki mwanawe akiwa bado mtoto, na mama yake Ezana ndiye aliyeshika hatamu za nchi. Ama kweli, nyuma ya mfalme huyu mashuhuri kulikuwa na mama aliyekesha.

Na hapa ndipo linapoingia jambo la ajabu. Vijana wawili ndugu, Frumentius na Aedesius, walikuwa safarini pamoja na mwalimu wao, jamaa yao kutoka mji wa Tiro katika Lebanon ya leo. Chombo chao kilitia nanga katika bandari moja ili wapate maji na chakula. Kwa bahati mbaya wenyeji wa huko walikuwa wamekosana na Warumi, wakawaua wote waliokuwa chomboni. Hao vijana wawili walikutwa chini ya mti wakidurusu masomo yao, wakahurumiwa. Wanafunzi wenzangu mnaodoji preps, sikieni hilo! Walipelekwa kwa mfalme. Aedesius akafanywa mnyweshaji, na Frumentius, kwa kuwa alikuwa na akili nyingi, akakabidhiwa hesabu na barua za mfalme. Habari hizi ziliandikwa na mwanahistoria Rufinus, naye alizipata kwa mdomo wa Aedesius mwenyewe.

Mfalme alipokufa vijana wale walipewa uhuru wao, lakini mama mfalme aliwasihi wakae wamsaidie mpaka mtoto wake akue. Wakakubali. Basi Ezana alilelewa na mama Mhabeshi na kuongozwa na mateka aliyesoma elimu ya Kigiriki. Wahenga walisema mgeni njoo mwenyeji apone. Ezana alipokomaa na kukalia kiti chake, Aedesius alirudi kwao Tiro. Frumentius alikwenda Alexandria kumwomba Askofu Athanasius apeleke askofu Aksum. Athanasius aliona hakuna anayefaa kuliko huyohuyo aliyeleta ombi, akamwekea mikono, akamrudisha. Wahabeshi wakamwita Abba Salama, maana yake Baba wa Amani.

Ezana alitawala katikati ya karne ya 4 B.K. Alijiita mfalme wa wafalme, naye hakuwa mtu wa mchezo. Wabeja, wafugaji wa upande wa kaskazini, walipoasi, aliwatuma ndugu zake wawili, Saizana na Hadefa, kupigana nao. Wakuu sita wa Wabeja pamoja na watu wao 4,400 walihamishwa kwenda kukaa nchi nyingine. Safari hiyo ilichukua miezi minne, na mfalme aliwapa chakula, kinywaji na mavazi njiani, kisha akawapa ng'ombe.

Habari za vita hivyo ndizo alizoamuru zichongwe juu ya jiwe, na jiwe hilo bado liko Aksum. Upande mmoja maneno yameandikwa kwa Kigiriki, lugha ya wageni na ya wasomi wa siku zile. Kwingine yameandikwa kwa Kigeez, lugha ya Aksum yenyewe, tena mara mbili: mara moja kwa herufi za Kigeez, na mara moja kwa herufi za kale za Arabuni ya kusini, ng'ambo ya Bahari ya Shamu. Lugha mbili, maandishi matatu, habari moja. Mgeni wa kutoka Alexandria alisoma, Mwarabu wa Yemen akazitambua herufi zake, na mtoto wa Aksum naye akasoma kwa lugha aliyonyonyeshwa nayo.

Kuna jambo dogo ndani ya maandishi hayo ambalo limenifurahisha sana. Katika Kigeez, Ezana anajiita mwana wa Mahrem, mungu wa vita wa mababu zake. Katika Kigiriki mungu huyo anaitwa Ares, mungu wa vita wa Wagiriki. Kumbe mfalme alijua kumweleza mgeni jambo kwa jina ambalo mgeni analielewa, na nyumbani akabaki na jina la nyumbani.

Baadaye Ezana aliiacha miungu hiyo akawa Mkristo, mmoja wa wafalme wa kwanza duniani kufanya hivyo. Mabadiliko yanaonekana hata mfukoni. Sarafu zake za mwanzo zina mwezi mwandamo na duara, za baadaye zina msalaba. Katika maandishi yake ya baadaye kwa Kigiriki ametaja Baba, Mwana na Roho Mtakatifu waziwazi. Yale ya Kigeez yanasema Bwana wa mbingu, neno ambalo hata raia aliyekuwa bado hajabatizwa angeweza kulipokea. Hakuwatupia watu wake jambo jipya kama mtu anayemwaga maji. Aliwanywesha polepole.

Kama mwaka wa 356 barua ilimfikia Ezana na ndugu yake kutoka kwa Constantius, mfalme mkuu wa Rumi. Constantius alikuwa amegombana na Askofu Athanasius juu ya mafundisho ya dini, akataka Frumentius apelekwe Alexandria akahojiwe na askofu mpya. Fikiria mwenyewe: dola kubwa kuliko zote za magharibi inakuandikia kuhusu mtu aliyekulea. Lakini wapi! Frumentius alibaki Aksum, na kanisa la Uhabeshi likaendelea kushikamana na upande wa Athanasius. Ezana alikuwa ameipokea elimu ya Kigiriki na dini iliyokuja na lugha hiyo, lakini amri ya Rumi hakuipokea.

Sitaki kumpaka Ezana asali. Alikuwa mshindi wa vita kama Alexander, na vita havina macho. Katika vita vyake na Wanoba, kwenye mto Nile katika Sudan ya leo, jeshi lake liliwafukuza adui kwa siku 23, likachoma miji ya matofali na ya nyasi, likaharibu akiba ya nafaka na pamba, likachukua mateka, wakiwemo wanawake na watoto. Yeye mwenyewe aliyaandika hayo kwa kujivuna. Mama wa Kinoba aliyeona ghala lake likiteketea hakuachiwa jiwe la kuandika upande wake. Tusomapo habari za washindi, tumkumbuke na huyo.

Sasa turudi kwenye herufi. Mwanzoni Kigeez kiliandikwa kwa konsonanti peke yake, bila irabu. Ni kama mtu aandike ktb, nawe ubahatishe kama ni kitabu au katibu. Katika enzi ya Ezana irabu zilianza kuonyeshwa. Kila herufi ilipewa sura saba kwa kuongezewa mkono au mguu, na ndiyo maana nilisema zinafanana na watu. Kwa tarakimu walichukua herufi za Kigiriki, kwani Wagiriki walihesabu kwa herufi, wakazifanya zao. Tarakimu hizo zipo mpaka leo katika vitabu vya kanisa lao. Wakabaki na lugha yao, na palipokuwa na upungufu wakaazima kwa jirani.

Matunda yake yakawa makubwa. Katika karne zilizofuata Biblia ilitafsiriwa kutoka Kigiriki kuingia Kigeez. Injili za Garima, zinazotunzwa katika monasteri moja huko Tigray, ni miongoni mwa vitabu vya Injili vyenye picha vilivyo vya kale kabisa duniani. Kitabu cha Enoki, ambacho nakala zake kamili za kale zilipotea katika lugha nyingine, kilihifadhiwa kizima katika Kigeez peke yake. Wasomi wa Ulaya walipokitaka, ilibidi wajifunze lugha ya Wahabeshi. Mambo yamegeuka! Na Kiamhara na Kitigrinya vinaandikwa kwa herufi hizohizo leo.

Ezana alifariki, na Aksum nayo hatimaye ikapoteza nguvu. Lakini minara yake ya jiwe moja ilibaki. Mmoja wa minara hiyo, wenye urefu wa mita 24 hivi, ulichukuliwa na Waitalia mwaka wa 1937 baada ya kuivamia Ethiopia, ukasimamishwa Roma. Ulirudishwa mwaka wa 2005, ukasimamishwa tena Aksum mwaka wa 2008. Kwa hiyo tusidanganyike kwamba mshindi huja na zawadi tu. Huja pia na gunia tupu.

Nilisema nitakuambia kwa nini nimemchagua Ezana. Nikiwa darasa la tano, katika shule ambayo sitaitaja, kulikuwa na kibao chenye uzi ambacho tulikiita diski. Ukisikika ukiongea Kinandi au Kiswahili siku isiyo ya Kiswahili, unavishwa shingoni. Unakaa nacho mpaka umnase mwenzako umvishe yeye. Siku moja rafiki yangu alianguka akaumia goti, akalia kwa lugha ya mama yake. Mimi nilikuwa na diski. Nilimvisha. Mpaka leo nikikutana naye steji ya Kesses nasikia aibu, ingawa yeye alinisamehe zamani.

Huku kwetu elimu ya kigeni ilikuja nyuma ya bunduki. Wanandi walipigana na Waingereza kwa karibu miaka kumi, mpaka Koitalel arap Samoei alipouawa tarehe 19 Oktoba 1905 katika mkutano ulioitwa wa amani. Baada ya hapo zikaja kodi, na shule za wageni, na lugha yao. Ezana alichagua mwenyewe cha kupokea, na babu zetu hawakupewa nafasi hiyo. Lakini sisi tuliozaliwa baadaye tunayo. Hakuna anayesema tuache Kiingereza au fizikia. Elimu ni bahari, na mtu hakatai maji kwa sababu mtungi umefinyangwa na mwingine. Neno langu ni kwamba Ezana hakumvisha diski mtoto wa Aksum. Alichonga Kigiriki upande mmoja na Kigeez upande wa pili, juu ya jiwe lilelile.

Kiswahili chenyewe kimefanya hivyo siku nyingi. Kilichukua maneno ya Kiarabu na kikaandikwa kwa herufi za Kiarabu kwa karne kadhaa, na bado kikabaki Kibantu katika mifupa yake. Usiache mbachao kwa msala upitao. Ndiyo maana naomba chama chetu kifanye jambo moja muhula ujao: kila mwanachama achukue somo moja alilofundishwa kwa Kiingereza, liwe ni la moyo wa binadamu au la nguvu za umeme, aliandike kwa Kiswahili sanifu libandikwe ukutani. Anayeweza aliandike na kwa lugha ya kwao chini yake. Mimi nimeanza na kivuli cha Eratosthenes. Upande wa Kinandi nimekwama katika maneno mawili, na rafiki yangu yule wa goti ameahidi kumuuliza bibi yake.